Mstari Uliopita Chini ya Mfenesi

Simu iliita nikiwa nagombana na kufuli la duka. Nauza pembejeo karibu na stendi ya Msamvu, mbegu na dawa na majembe, na kufuli hilo limeshika kutu mwaka wa pili sasa. Kila asubuhi nalitukana na kila jioni nalifunga tena. Aliyepiga alikuwa Mzee Kibwana, wa juu milimani, kijiji kimoja mbele ya Kinole ambacho jina lake nitaliacha, maana watu wa huko wameshasumbuliwa vya kutosha. Sikuwa nimeisikia sauti yake kwa miaka. Nilimwamkia, akaitika marahaba kwa haraka, akaniambia kuwa dada yake, Bi Mwanaidi, amefariki alfajiri na watamzika alasiri. Nikampa pole. Akasema wameshapoa, akakohoa, kisha akaongeza jambo ambalo sikulitegemea. "Sasa sikia, baba. Njoo na kile kidude chako cha kupimia. Kuna askari wa hifadhi amesimama hapa msituni, anasema tukichimba kaburi upande wa pili wa mstari anatufunga. Na mstari wenyewe hatuuoni, ni majani matupu. Wewe ndiye uliyeuchora, wewe ndiye unayejua ulipita wapi."

Nililifunga tena lile kufuli bila kulitukana. Nikawasha pikipiki, nikashika njia ya Bigwa na Kiroka, na safari nzima nilikuwa nasema peke yangu ndani ya kofia. Bi Mwanaidi hakuwa mtu wa kutaka mengi. Alitaka jambo moja, na alilisema mbele yangu jikoni, shambani, mbele ya wageni, tena akicheka: siku akifa alazwe juu kule msituni, ubavuni mwa mama yake na bibi yake, kwenye kipande cha msitu ambacho ukoo wao wa upande wa mama umekitunza tangu hakujawa na barabara. Basi. Hakuomba bati jipya wala kitanda cha chuma. Nilipoanza kuzipanda zile kona za Kinole, mananasi yakiwa yamepangwa kando ya barabara kama siku zote, nikapunguza mwendo. Mimi si mtu wa kulia, muulizeni mke wangu. Siku hiyo nilisimamisha pikipiki nikalia.

Mwaka niliouchora mstari huo nilikuwa sijaoa, sina mvi hata moja, na nilijiona mjanja kuliko watu wote wa mkoa wa Morogoro. Nilikuwa nimeajiriwa na mradi mmoja wa kokoa. Kazi yenyewe ukiieleza ni nyepesi. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wamesema hawataki tena kokoa iliyotoka mahali palipofyekwa msitu, na ni haki yao; mimi mwenyewe nimeiona milima hii ikinyolewa na sikupenda. Kwa hiyo kila shamba lilitakiwa lizungukwe kwa miguu, mkulima mbele akionyesha mpaka wake, mimi nyuma na kidude mkononi, mpaka turudi tulipoanzia na mstari ufunge. Mstari ukishafunga, setilaiti inalitazama shamba lile kutoka juu, mwezi baada ya mwezi. Miti ikiwepo, shamba linakuwa la kijani kwenye ramani na kokoa yake inanunuliwa. Miti ikipungua ndani ya mstari, shamba linageuka jekundu. Wanakijiji waliielewa haraka kuliko mabosi wangu walivyofikiri. Waliita kazi yangu kuzungushwa. "Wewe umeshazungushwa?" wanaulizana kisimani. "Bado, nazungushwa Jumanne."

Nilipangiwa kukaa kwa Bi Mwanaidi kwa sababu nyumba yake ilikuwa na chumba cha uani kisicho na mtu. Chumba chenyewe kilikuwa cha udongo, dirisha dogo la mbao, na juu ya kichwa changu kulikuwa na uchaga alipokuwa anatandaza karafuu zikauke, kwa hiyo nililala mwaka mzima nikinuka karafuu, na mpaka leo nikisikia harufu hiyo kwenye pilau ya mtu nageuka kuangalia nani kaniita. Alinipokea siku ya kwanza kwa magimbi ya kuchemsha na chai ya mdalasini iliyokolea mpaka ulimi unawaka. Nikala mawili nikasema nimeshiba. Akaniangalia juu mpaka chini. "Huyu ndiye mume niliyeletewa? Magimbi mawili! Mume wangu, huku kuna mlima, hakuna lifti." Kuanzia siku hiyo akaniita mume wangu, kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu, na mimi nikamwita bibi, na kijiji kizima kikajua kuwa Bi Mwanaidi kaolewa na mtu wa setilaiti. Jioni tulikula jikoni, ugali na mchicha wa nazi, na Mzee Kibwana alikuja karibu kila siku, akakaa kwenye kigoda kile kile karibu na mlango, akalalamikia chumvi. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, lukolo wanavyouita wenyewe. Lakini kwa Waluguru ardhi inapita kwa mama, na yeye mwenyewe alinieleza huku akiramba vidole. "Mimi ni mdomo tu, baba. Ardhi ni huyu hapa. Nikisema neno asilolitaka nalala njaa."

Siku ya kumzungusha ilipofika alinitangulia peku, panga mkononi, akiwa na haraka kama anakwenda kwenye harusi. Shamba lake lilikuwa zuri, sitasema uongo. Kokoa chini, juu yake migomba, mikarafuu, na juu kabisa mifenesi mikubwa yenye kivuli ambacho hata saa sita mchana unaona ubaridi. Tulizunguka upande wa mto, tukapanda kwa jirani, tukafika kwenye mfenesi mmoja mkubwa wa mwisho, ambapo kokoa zinaishia. Nikategemea ageuke kulia. Hakugeuka. Alipita chini ya mfenesi akaendelea kupanda, moja kwa moja, akaingia msituni. Nikamwita. "Bibi, huku hakuna kokoa!" Akasimama, akanigeukia, na ule utani wote ukawa umeondoka usoni. "Umesema nikuonyeshe shamba langu au umesema nikuonyeshe kokoa?" Nikasema shamba. "Basi fuata." Tukapita kwenye miti ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizunguki, tukapita kwenye chemchemi, tukafika mahali penye makaburi yasiyo na saruji, mawe tu yaliyoota ukoka. Alivua kilemba akakifunga upya vizuri, akasalimia, akaniombea na mimi ruhusa ya kupita. "Huyu ni mume wangu," akawaambia wafu. "Msimshtue, ni mwoga." Kisha akanionyesha, kwa panga, nafasi tupu kando ya kaburi la mwisho. "Hapa ni mama. Hapa ni mimi."

Sasa mtu wa mjini atasema, kwa nini aliuingiza msitu ndani ya shamba? Si angezunguka kokoa zake tu akaenda zake? Na ukweli ni kwamba wote walifanya vile. Kila mwenye kipande cha msitu alikiingiza. Mzee Kibwana alinieleza sababu jioni ile, na hakuwa anacheka. Zamani, alisema, kabla wao hawajazaliwa, walikuja watu na minyororo ya kupimia, wakawaambia wazee waonyeshe mashamba yao. Wazee wakaonyesha walipolima. Wakaacha msitu, maana nani analima kwenye makaburi? Wale watu wakaandika, wakaondoka, na mwaka uliofuata zikaja nguzo: kila kilichoachwa nje ya mstari kikawa si chao tena, kikasalia kipande hiki tu. "Bibi yetu alituusia," alisema Mzee Kibwana. "Akija mtu na kitu cha kupimia, mpitishe mpaka kwenye kaburi la mwisho. Ukiacha hata kisiki nje, umekigawa." Mafunzo yangu yalisema mkulima ndiye anayeonyesha mpaka, wewe unafuata. Nikafuata, mstari ukafunga, shamba likawa la kijani, tukala fenesi mpaka midomo ikanata ulimbo.

Masika ya mwaka ule yalikuwa ya kutisha. Mvua ilinyesha usiku na mchana mpaka karafuu za kwenye uchaga zikaota ukungu juu ya kichwa changu. Asubuhi moja tukiwa tunakunywa chai tulisikia mlio, si wa radi, mlio wa chini, na vikombe vikatikisika. Bi Mwanaidi akasema neno moja tu. "Juu." Tulipofika, ubavu mzima wa mlima upande wa pili wa chemchemi ulikuwa umeshuka. Miti mikubwa ile ile imelala kichwa chini ndani ya tope jekundu, mizizi inatazama mbinguni. Makaburi yalikuwa yamesalimika, mporomoko umepita pembeni yake kwa rehema za Mungu. Yeye alikaa chini kwenye matope akashika kichwa, akataja miti ile mmoja mmoja kwa majina, maana kumbe ilikuwa na majina, majina ya watu. Sikujua la kufanya. Nilimshika mkono nikasema pole bibi, pole, mpaka neno lenyewe likaisha maana. Nilidhani hiyo ndiyo hasara. Sikujua kuwa hasara ilikuwa bado iko njiani.

Mvua zilipokatika na mawingu yakafunguka, setilaiti ikaona. Nilikuwa kituoni, kwenye lile banda la kikundi ambapo wakulima wote huleta kokoa mbichi, inachachushwa kwenye masanduku ya mbao chini ya majani ya migomba, kisha inaanikwa kwenye vichanja. Nilifungua ramani kuangalia kitu kingine kabisa. Shamba la Bi Mwanaidi lilikuwa jekundu. Upotevu wa msitu ndani ya mpaka wa shamba. Nikacheka, wallahi nilicheka, nikasema hili litarekebishwa kwa simu moja. Lakini kokoa ya kikundi haina jina ikishaingia sandukuni. Ya huyu na ya yule zinachacha pamoja, na huwezi ukaitoa moja ukaacha nyingine. Siku mbili baadaye mnunuzi akasimamisha mzigo wote. Si wa Bi Mwanaidi peke yake. Wa kijiji kizima.

Nilishuka mjini na picha za mporomoko kwenye simu. Bosi wangu aliitwa Joachim, mtu mwenye adabu, shati limenyooka, na kwenye ofisi yake kulikuwa na kiyoyozi kilichonifanya nipige chafya. Alizitazama picha zote. Akasikitika, kwa dhati, siwezi kumsingizia. "Lakini kaka, setilaiti haijui mporomoko. Inajua jana palikuwa na miti na leo hakuna." Nikamwambia mwanamke huyu hajakata hata kijiti, msitu ule ni yeye aliyeutunza, kama si yeye ungekuwa mkaa zamani. "Najua," akasema. "Ila mfumo hauna mahali pa kuandika kwamba huu ni msitu wake anaoutunza. Mfumo unauliza shamba liko wapi, na msitu umekatwa au haujakatwa." Tungeweza kukata rufaa, alisema, lakini rufaa inaamuliwa ng'ambo, na jibu litakuja msimu umeshaisha. Kisha akanipa njia ya pili, kwa sauti ya mtu anayekusaidia. "Rudi ukamzungushe upya. Mstari upite kwenye kokoa tu, msitu ubaki nje. Kwani analima msituni? Halimi. Ukishakuwa nje si wake, ukiporomoka haumhusu, shamba linarudi kijani siku hiyo hiyo." Nilimtazama nikashindwa hata kukasirika. Kila neno alilosema lilikuwa sahihi.

Sikumwambia bibi mara moja. Nilikaa na habari hiyo moyoni, nikaandika rufaa, nikapanda mpaka kwenye jiwe lile linaloshika mtandao nikaituma, nikapiga simu, nikaambiwa subiri. Kijijini palibadilika. Kokoa ilirundikana kituoni kwenye magunia, na ubaridi wa kule haufai kwa magunia. Ukungu mweupe ukaanza kutambaa, ukiingiza mkono unatoka na vumbi la kuoza. Watu walikuwa bado wanasalimia, lakini kwa mbali. Mama mmoja alikuja jikoni kuomba moto, akasimama na kaa lake kwenye kipande cha chungu, akasema bila kumtazama mtu, "Wengine makaburi yao yanatulisha njaa," akaondoka. Mwingine akaanza kukata mifenesi yake apande mananasi, kwa kuwa mananasi hayaulizwi yalitoka msituni au wapi. Nilisikia shoka siku tatu mfululizo. Hebu fikiri. Sheria ya kulinda miti, na miti inakatwa kwa sababu yake, na mimi nimesimama katikati na kidude changu.

Asubuhi moja, mapema, nikiwa bado kitandani, niliwasikia ukutani. Ukuta wa udongo hauzuii kitu. Mzee Kibwana alikuwa amekuja kunywa chai, na yeye na dada yake walishajua yote; kumbe Joachim alikuwa ameshampigia mwenyekiti wa kikundi, naye akawaambia. "Usikubali," mzee alikuwa anasema. "Mwanaidi, usikubali. Bibi alisemaje?" Nikasikia kuni zikisogezwa. "Bibi alisema," dada yake akajibu, "lakini bibi hakuwa na jirani ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani toka shule, hana ada, kwa sababu yangu." Mzee akasema waache majirani waende mahakamani, waache waseme, ukoo una haki zake. "Ukoo una haki zake na mimi nina macho. Napita njiani naona watu wanavyoniangalia. Nitawaacha watu wafe kwa sababu ya mahali nitakapolala mimi nikiwa sijui hata kuwa nimelala?" Na mzee, ambaye sikuwahi kumsikia akiinua sauti, akapiga kelele. "Si mahali utakapolala wewe! Ni mama!" Baada ya hapo nikasikia mtu anapenga kamasi, na mpaka leo sijui alikuwa nani kati yao.

Tulizunguka mara ya pili siku ya Ijumaa, kabla ya sala. Mzee Kibwana alikataa kuja. Nilimwambia bibi tusubiri rufaa, nikamwambia tuseme hapana, nikamwambia mengi. Akaniambia, "Mume wangu, maji yameshamwagika. Tembea." Safari hii hakuwa na haraka. Tulipita upande wa mto, tukapanda kwa jirani, na kila hatua nilikuwa naomba kitu kitokee, betri iishe, mvua inyeshe, nyoka atokee. Hakikutokea kitu. Tulifika kwenye mfenesi wa mwisho. Akasimama chini yake, akaweka kiganja kwenye gome, na akatazama juu, kule njia inakoingia gizani. "Sasa hivi," akauliza, "hapa niliposimama, niko ndani au nje?" Nikatazama kidude. "Uko ndani, bibi." Akatikisa kichwa. "Na mama?" Nilitaka kusema uongo. Nimewahi kusema uongo kwa mambo madogo kuliko hilo. "Mama yako yupo nje." Hakulia. Aligeuka kulia, kama nilivyotegemea siku ile ya kwanza, akatembea kandokando ya kokoa yake mpaka tulipoanzia. Mstari ukafunga, na kabla jua halijazama shamba lilikuwa la kijani.

Lori lilikuja wiki ile ile. Watu walishangilia, wakapakia huku wakiimba, na yule mama wa kaa la moto alileta kuku mzima nyumbani, amemfunga miguu, akamkabidhi Bi Mwanaidi bila maneno. Alichinjwa, akapikwa kwa nazi na ndizi mbichi, na mimi nilikula kwa sababu nilikuwa na njaa na aibu vyote pamoja. Bibi aliniongezea mchuzi, akanitania kuwa nimeanza kula kama mwanaume, lakini mnofu wake aliusogeza huku na huku kwenye sahani mpaka ukapoa. Mzee Kibwana hakuja kula pale tena kwa muda mrefu. Kigoda chake kilikaa wazi karibu na mlango, na bibi hakuruhusu mtu mwingine akikalie. Mradi ulipofika mwisho niliondoka na furushi la karafuu na ahadi za kurudi, na kama ilivyo kwa ahadi nyingi za vijana, nilirudi mara moja, kisha nikaoa, kisha likaja duka.

Habari iliyofuata niliipata kwa watu. Ramani zetu, zile nzuri zenye rangi, zilikuwa zimegawiwa kwa yeyote anayehusika na misitu, kwa nia njema, ili kila mtu afanye kazi na taarifa moja. Watu wa hifadhi walipokuja kupanua mpaka wao walifungua ramani, wakaona mashamba yameishia hapa, na juu yake msitu usio na mwenyewe. Kwani mwenyewe angekuwepo si angezunguka? Walikuwa hata na saini ya Bi Mwanaidi, aliyoitia tulipozunguka mara ya pili. Wakaweka bikoni, nguzo fupi za zege, moja huku na nyingine mbali kule, na katikati yake majani. Kuchota maji kwenye chemchemi ruksa kwa kibali. Kuzika, hapana. Bi Mwanaidi, waliniambia, alikwenda hadi ofisini kwao mara kadhaa akiwa na fimbo, akarudi, akaacha kwenda. Nasema hivi kwa uchungu na sitaupunguza: hakuna mtu hata mmoja katika mlolongo ule aliyefanya ubaya. Ningempata mbaya mmoja tu ningelala vizuri.

Basi siku ile ya simu nilifika msiba ukiwa umejaa. Wanawake walikuwa ndani na marehemu, wanaume wako juu shambani, na nilipanda nikiwa nahema, magimbi mawili yakinisuta. Ule mfenesi haupo tena, ulianguka wenyewe, wakasema. Kimebaki kisiki kilichofunikwa na matembele, ndiyo maana hawakuuona mstari. Askari wa hifadhi alikuwa kijana wa watu, amevua kofia, anatoka jasho. "Shikamoo mzee," akaniambia, na nilishtuka kuwa mimi ndiye mzee. "Mimi natumwa tu. Nisipowaambia nitafukuzwa." Nikamwambia najua, mwanangu, na nilikuwa najua kweli. Mzee Kibwana alikuwa amekaa kwenye jiwe, amekonda, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alinishika mkono akauganda. "Hatutaki ugomvi kwenye maiti," akasema. "Nataka kitu kimoja. Tusipoteze hata hatua. Tuonyeshe mwisho kabisa, tumlaze karibu na mama kadiri tunavyoweza."

Siku hizi hakuna kidude, ni simu ya kawaida tu. Nikaifungua, nikautafuta mstari wangu wa mwaka ule, na ulikuwepo, mwembamba, haujazeeka. Nikaanza kupanda taratibu na wanaume wote nyuma yangu. Nukta yangu ilikuwa inacheza kwenye kioo, mara huku mara kule, kwa sababu chini ya miti kipimo hakitulii, na kila ilipovuka upande wa pili moyo wangu uliruka nayo. Nikasimama kando ya kisiki. Hapa ndipo alipoweka kiganja. Nikachora kwa kisigino. Askari akaja na simu yake, akalinganisha, akasema ni sahihi, mzee, yeye mwenyewe angeliacha kaburi lisogee juu kidogo, lakini kuna watu wa kuona. Wakachimba papo hapo, ubavu wa kaburi ukigusana na mstari. Kutoka pale, ukitazama juu, unaona ukoka na ncha za yale mawe. Ni karibu sana. Mtu angeweza kuita na kuitikiwa.

Walimleta alasiri, akashushwa, akalazwa ubavu wake wa kulia kama inavyotakiwa, na Mzee Kibwana akaomba ateremke yeye mwenyewe kumfungua kamba za sanda, wakamshika. Alipotolewa juu alisimama karibu yangu, vumbi mpaka kwenye ndevu. Simu nilikuwa bado nimeishika, sijui kwa nini. "Baba," akaniambia, "tazama tena hapo. Yuko ndani au nje?" Nikatazama. Shamba lilikuwa la kijani, zuri, limefunga, na nukta ikiwa imetulia kwa mara ya kwanza siku ile. "Yuko ndani, mzee." Akatikisa kichwa polepole, akageuza macho yake mabovu kuelekea msituni, mahali ambapo sidhani kama alikuwa anaona kitu. "Na mama?"

Nikafunika kioo kwa kiganja. Aliningojea, kisha akainama, akachota udongo kwa mikono yote miwili, akaniambia nizime simu tumalize kuzika.